Chuma cha Kushikia

Binti yangu Rukaiya amenitumia picha ya chumba.
Kiko Dodoma, Nzuguni, vigae vyeupe hadi mlangoni,
pazia la rangi ya ndizi mbivu, kitanda cha futi tano
ambacho hakijalaliwa, kingali na nailoni yake.
"Mama, ni chako. Bafu humo humo ndani.
Hospitali si mbali. Unangoja nini huko?"

Nangoja nini huku.
Nimelichukua swali lake nikaenda nalo sokoni,
nikarudi nalo kapuni, juu ya bamia na nazi mbili,
sijalipatia bei.

Miaka thelathini na minne, wadi ya wazazi, Bombo.
Kiinua mgongo kimekuja; mgongo wenyewe
umebaki palepale, haukuinuka.
Daktari kijana kasema presha, kasema goti,
kasema, bi mkubwa, ngazi sasa basi.
Nyumba yangu Barabara ya Kumi na Nne haina ngazi.
Ina bafu la uani lenye sakafu ya kambare,
na ufa ukutani ambao marehemu Shekue
aliuahidi saruji kabla Rukaiya hajaota jino.

Kwenye bafu hilo nilianguka, mwezi wa Rajabu.
Si kuanguka kwa kuvunjika. Kuanguka kwa kukaa chini
na kuitazama ndoo, ndoo nayo ikinitazama,
hadi Mwanaidi wa jirani alipokuja kuazima mbuzi ya kukunia,
akaniinua, akaondoka bila mbuzi.
Sikumwambia Rukaiya. Aliambiwa.
Kuta za mtaa huu zina masikio, na masikio yana simu.

Ndipo ikaja picha ya chumba.

Usiku napiga hesabu. Kule nina wajukuu wawili
wanaonibusu kwenye kioo cha simu, kioo kikaingia ukungu.
Kule nitakuwa mama yake Rukaiya,
mgeni wa kuoneshwa swichi ya taa.
Samaki wa barafu. Na salamu za njiani
kutoka kwa watu nisiojua walizaliwa na uzito gani.

Hapa, fundi baiskeli wa pembeni ni kilo mbili na nusu:
alitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hataki kuitumia.
Muuza mihogo ni pacha wa pili, yule tuliyemkatia tamaa.
Diwani alilia saa nzima; bado analia, sasa kwa kipaza sauti.
Mkono wao wa kwanza duniani ulikuwa wangu.
Wa mwisho kwangu utakuwa wa nani?
Nauliza tu. Sitishi mtu.

"Mwenda tezi na omo," alisema Mwanaidi akimenya vitunguu,
"marejeo ni Ngamiani."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Mwanawe yuko Maskati, mwaka wa nane huu.

Jumanne nikaenda Makorora kwa Kilo Tatu na Robo,
siku hizi mchomeleaji, ana ndevu na miwani ya giza.
Nikamwambia nataka chuma cha kushikia, bafuni,
urefu wa mkono wangu, kisishike kutu, na usinidanganye.
Akanipima mkono. Akanipima tena, taratibu,
kama mtu anayetafuta mshipa.
Hakutaka fedha. Nilimlazimisha.

Na dirisha la jikoni tumeliwekea sheria, mimi na Mwanaidi:
jua likifika kwenye tangi lao nalo bado limefungwa,
asipige hodi. Avunje mlango.

Sijui kama nimeamua. Chuma kimeamua kidogo.
Kiko ukutani, asubuhi kina baridi,
kimeanza kukijua kiganja changu.

Nikampigia Rukaiya. Akanyamaza kama babake,
pumzi zote puani.
Nikasema, toa hiyo nailoni, walaze watoto.
Nitakuja Desemba, waone uso usio na kioo.
"Na ukianguka tena?"

Nikautazama ufa.
Nikamwambia masika yamekaribia,
nina saruji ya kununua.